USS F-4: nyambizi ya Marekani iliyozama Honolulu 1915, historia yake na kilichoivunja (uzi mrefu)

MzeePima (mwanzisha uzi)

Wakuu, mara nyingi humu nyambizi za Marekani tunaanza kuzijadili kwenye Vita Kuu ya Pili. Zile za mwanzo zinarukwa, na ndizo zilizofundisha karibu kila kitu. Naleta F-4, nyambizi ya kwanza iliyokuwa kazini katika jeshi la majini la Marekani kupotelea baharini.

Ilianza kujengwa Seattle tarehe 21 Agosti 1909 kwenye karakana ya Moran Brothers, kwa mchoro wa kampuni ya Electric Boat. Jina la kwanza lilikuwa Skate. Tarehe 17 Novemba 1911 jeshi liliacha majina ya samaki likaanza herufi na namba, hivyo iliposhushwa majini tarehe 6 Januari 1912 tayari ilikuwa F-4. Ikaingia kazini 3 Mei 1913.

Vipimo: urefu futi 142 na ushei (mita 43.5), upana mita 4.7, uzito tani 330 ikielea na tani 400 ikizama. Injini mbili za dizeli kwa safari ya juu, mota za umeme kwa safari ya chini. Juu ilikimbia noti (maili za baharini kwa saa) 13.5, chini noti 11.5. Omoni (mbele ya chombo) ilikuwa na mirija minne ya topido za inchi 18. Kina cha usalama kilichokusudiwa ni futi 200. Wafanyakazi wote hawakuzidi 22 hivi.

Dada zake ni F-1, F-2 na F-3. F-1 iliwahi kushika rekodi ya dunia ya kuzama, futi 283. Hiyo namba ikumbukeni, itarudi mbele.

Kazi ya F-4 ilikuwa mazoezi tu: kwanza pwani ya California katika kikosi cha topido cha Pasifiki, kisha kuanzia Agosti 1914 visiwa vya Hawaii, kituo Honolulu. Tarehe 25 Machi 1915, Alhamisi asubuhi, ilitoka na wenzake kwa zoezi la kuzama chini ya Luteni Alfred L. Ede. Wengine wakarudi, F-4 haikurudi. Ilikuwa maili moja na nusu tu kutoka mlango wa bandari. Juu ya maji yakaonekana mafuta na mapovu. Ilikuwa imelala kwenye pima 51, yaani futi 306. Watu 21 walikuwa ndani na hakuna aliyepona.

Tume ya uchunguzi, baada ya chombo kupandishwa miezi mitano baadaye, ilielekeza kidole kwenye tangi la betri: utando wa madini ya risasi uliofunika tangi hilo kwa ndani ulikuwa umeliwa, maji ya bahari yakapenya hadi kwenye betri, na nahodha akapoteza udhibiti wakati wa kwenda chini ya maji. Nataka tukae hapo. Wengi husema "ilizama kwa sababu ya betri" kisha wanaendelea na safari. Betri ilifanya nini hasa?

---

FundiBetri

Asante mkuu MzeePima. Nianze na tangi lenyewe, maana bila kulielewa hakuna kinachoeleweka.

Betri za wakati ule ni risasi na asidi, zilezile kwa asili na ya gari lako, ila kila seli ni kubwa mno. Seli zinapangwa bega kwa bega ndani ya tangi la chuma chini ya sakafu ya chumba. Asidi humwagika. Ukichaji, seli zinachemka na kurusha matone madogo. Chombo kikiyumba, asidi inapanda ukingo wa seli. Asidi ya salfa iliyochanganywa na maji inakula chuma haraka kuliko ile kali isiyochanganywa, hiki ni kitu ambacho wengi hawakijui. Kwa hiyo tangi linavishwa karatasi za risasi ndani, kwa sababu risasi ikiguswa na asidi hiyo inajitengenezea ngozi ya salfeti ya risasi, na ngozi hiyo inazuia asidi isiendelee kula.

Sasa ubaya wa risasi. Ni laini. Karatasi ya risasi iliyosimama ukutani inajivuta chini kwa uzito wake yenyewe, mwaka hadi mwaka. Injini za dizeli zinaitetemesha, seli nzito zinaikandamiza na kuisugua. Panapopasuka ni kwenye pembe, kwenye viungo vilivyounganishwa kwa moto, na juu ya vichwa vya ribiti (pini za chuma zinazounganisha mabamba), kwa sababu hapo karatasi haikulala bapa, imefunika kinundu.

Ufa ukitokea, hata wa unene wa unywele, asidi inapita nyuma ya risasi na kukaa kati ya risasi na chuma. Hapo haionekani. Ukipiga tochi unaona risasi safi ya kijivu. Nyuma yake chuma kinaliwa usiku na mchana, na cha kwanza kuachia ni ribiti, kwa sababu asidi inatafuta mwanya wa pembeni mwa kichwa chake.

Mbaya zaidi, katika nyambizi za aina hii ubavu wa tangi la betri haukuwa mbali na bahari. Ribiti zikilegea, kizuizi kilichobaki kati ya maji na betri ni karatasi ya risasi iliyokwisha pasuka.

---

Kitendawili_Tanga

Swali la haki kwa FundiBetri. Wanasema maji "yalipenya". Kupenya si kufurika. Chombo cha tani 400 kinazamishwaje na maji yanayochuruzika pembeni mwa ribiti? Mimi naona hapo kuna kitu kinakosekana.

---

HesabuZaMaji

Ndugu Kitendawili, umeuliza swali lenyewe hasa. Jibu ni kwamba nyambizi iliyozama haina "tani 400" za kujitetea nazo. Chombo kikiwa chini ya maji kimesawazishwa hadi kinakaribia kutokuwa na uzito. Akiba ya kuelea iliyobaki ni ndogo sana, na kinachokishikilia kwenye kina chake ni mwendo na mapezi ya kuzamia. Ukiongeza tani moja tu, umeshamaliza akiba.

Tufanye hesabu. Ribiti moja imetoka, tundu la kipenyo cha milimita 20. Hii ni namba yangu ya mfano, si kipimo cha F-4:

- Kwenye kina cha mita 20, maji yanaingia kwa kasi ya mita 19.8 kwa sekunde. Ukiweka kizuizi cha mdomo wa tundu (0.6) unapata lita 3.7 kwa sekunde, karibu lita 220 kwa dakika.
- Kwenye mita 60, tundu lilelile linaingiza karibu lita 390 kwa dakika.

Tani moja ya maji kwenye mita 20 inaingia ndani ya dakika tano hivi. Na hilo ni tundu moja.

Lakini uzito si tatizo kubwa kuliko mahali unapokaa. Chukua tani 2 za maji zimekusanyika mita 10 mbele ya kitovu cha chombo. Hiyo ni nguvu ya kupindua ya tani-mita 20. Kinachorudisha chombo sawa ni uzito wake wa tani 400 ukizidishwa na umbali mdogo kati ya kitovu cha uzito na kitovu cha kuelea. Tuseme umbali huo ni mita 0.3, basi uwezo ni tani-mita 120 mara sine ya pembe. Matokeo: omo inainama nyuzi 9.6. Kwa urefu wa mita 43.5, omo iko mita 7 chini kuliko tezi (nyuma ya chombo).

Tani 5 mahali palepale: nyuzi karibu 25. Omo iko mita 18 chini ya tezi!

Halafu maji hayakai. Omo ikiinama, maji yote yaliyo huru sakafuni yanakimbilia mbele, nguvu ya kupindua inaongezeka, omo inainama zaidi. Na mota bado zinasukuma mbele, kwa hiyo kila sekunde chombo kinajipeleka chini chenyewe. Kilichoanza na mchuruziko kimegeuka kuwa mteremko.

---

Kitendawili_Tanga

Nimeelewa, na nashukuru kwa hesabu. Lakini bado wana matangi ya farumi (ya maji ya kuongeza au kupunguza uzito) na hewa ya mgandamizo. Kwa nini hawakupuliza maji nje wakapanda?

---

HesabuZaMaji

Huenda walijaribu. Tazama gharama ya kupuliza kadiri unavyokwenda chini. Unataka kutoa mita 10 za ujazo za maji kwenye tangi. Hewa lazima ijaze nafasi hiyo kwa presha ya kina ulichopo:

Kwenye mita 20, presha kamili ni karibu mara 3 ya hewa ya kawaida, kwa hiyo unahitaji mita 30 za ujazo za hewa ya kawaida. Kwenye mita 60, unahitaji 70. Kwenye mita 93, ambapo F-4 ililala, unahitaji 104, na hapo tangi limetoa kiasi kilekile cha maji.

Mitungi ya hewa haijaongezeka. Bomba na valvu za kupuliza zina wembamba wake, kwa hiyo hata kama hewa ipo, inapita kwa kasi yake. Chombo kikishuka kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, umetoka mita 20 hadi mita 60 ndani ya sekunde 20. Katika sekunde hizo maji yanaingia kwa wingi zaidi na hewa inafanya kazi ndogo zaidi. Kuna kina ambacho ukikipita, maji yanayoingia yanaishinda hewa na huwezi tena kurudi. Dawa ni kupuliza mapema, pale pezi linapodai pembe kubwa kuliko kawaida ili kushikilia kina. Ukingoja hadi chombo kiiname, umechelewa.

Pampu nazo ni hivyohivyo. Kwenye futi 306 pampu inasukuma dhidi ya pauni 136 kwa inchi mraba. Kina cha usalama cha futi 200 ni pauni 89.

---

Mwanamaji_K

Na hapa ndipo ile futi 283 ya F-1 inaporudi. Watu walisema dada yake amefika 283, basi F-4 kufika 306 si ajabu. Ni kosa kufikiri hivyo. Rekodi ile ilikuwa ya chombo kimoja, kizima, kilichoshushwa kwa makusudi huku kila mtu amekaa kwenye valvu yake. Haikusema lolote kuhusu ubavu wenye ribiti zilizoliwa.

Picha za F-4 baada ya kupandishwa zinaonyesha chombo kimelala karibu juu chini, na ubavuni kuna tundu kubwa ambapo bodi (ganda la chombo) imebonyea na kupasuka kuelekea ndani. Ukitazama picha hizo kwa makini, kingo za chuma zimekunjika kama karatasi ya bati. Hilo ni la kina chenyewe na la kazi ya kuvuta, halikuwa chanzo. Tusichanganye jeraha la mwisho na la kwanza.

---

FundiBetri

Sahihi kabisa Mwanamaji_K. Niongeze upande wa gesi, kwa sababu watu wengi huweka klorini mbele ya kila kitu.

Maji ya bahari yana chumvi. Yakiingia kwenye seli ya risasi, kloridi inakutana na asidi na bamba chanya la oksaidi ya risasi, na matokeo ni gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kwenye sakafu na mabonde ya chumba, halafu inapanda. Kiasi kidogo sana kinachoma macho na koo, mtu anakohoa hawezi kusoma geji. Katika chombo ambacho kila sekunde inahitaji mtu ashike valvu sahihi, kumfanya mtu asione kwa nusu dakika kunatosha.

Chumvi pia inapitisha umeme. Maji yakifunika vichwa vya seli, umeme unaanza kuvuja kati ya seli na seli na kati ya seli na bodi. Mota zinapungukiwa nguvu. Kwa hiyo pigo ni la mara tatu kwa pamoja: uzito, gesi, na umeme. Ni kwa sababu hiyo naamini tume ilikuwa kwenye njia sahihi, ingawa lugha yao ilikuwa ya "inaelekea" na si ya uhakika.

Kwa anayetaka kujua tangi la namna hii linakaguliwaje, utaratibu kwa ufupi:

Seli zote zitolewe. Hakuna njia ya mkato. Ukikagua seli zikiwa ndani unaona asilimia ndogo ya risasi. Tangi lioshwe kwa maji yaliyoyeyushwa magadi soda hadi povu likome, maana povu ni asidi iliyobaki. Likauke kabisa. Kisha pitia kila kiungo na kila kinundu cha ribiti. Unga mweupe au wa kahawia unaotoka kwenye mstari mwembamba ni dalili kwamba kuna kitu nyuma. Ukikandamiza risasi kwa kidole gumba ikabonyea na kurudi, hapo pana nafasi nyuma yake. Hapo usibahatishe, kata risasi na utazame chuma.

Ribiti hupimwa kwa nyundo ndogo. Weka kidole upande mmoja wa kichwa, gonga upande wa pili. Ribiti nzima inalia kwa sauti kavu na kidole hakihisi kitu. Iliyolegea inatoa sauti ya kopo, na kidole kinahisi mtikisiko mdogo. Iliyoliwa shingo inaweza kung'oka kichwa kwa pigo hilohilo, na ni heri ing'oke hapo bandarini.

Chombo kikiwa kazini, dalili mbili zinatangulia. Kwanza, upinzani wa umeme kati ya betri na bodi unashuka. Pili, maji yanayokutwa chini ya seli yana kloridi: unaweka tone la naitreti ya fedha kwenye sampuli, ikigeuka nyeupe kama maziwa, hayo si maji ya kuoshea betri, ni ya bahari.

---

Bi_Mkuku

Kaka FundiBetri, kipimo hicho cha naitreti ya fedha kinafaa hadi leo kwa betri yoyote ya chomboni. Nauliza: kwa nini hawakuacha tu kutumia asidi?

---

FundiBetri

Dada, walijaribu. Betri ya Edison, ya nikeli na chuma, inatumia maji ya alkali, hivyo maji ya bahari yakiingia hayatoi klorini, na alkali hiyo haili chuma cha tangi. Kwenye karatasi ilionekana ni jibu kamili kwa kilichoikuta F-4. Iliwekwa kwenye nyambizi E-2. Tarehe 15 Januari 1916, ikiwa kwenye karakana ya jeshi la majini New York, ililipuka kwa hidrojeni na watu wakafa. Betri ya nikeli na chuma hutoa hidrojeni nyingi, na hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inatosha cheche moja. Ukikimbia gesi moja unakutana na nyingine. Wakarudi kwenye risasi na asidi, wakaweka nguvu kwenye tangi, kwenye mifereji ya hewa na kwenye ukaguzi.

---

Mzamiaji_Mtwapa

Mmezungumza chombo, sasa nizungumze watu walioteremka kukitafuta, maana kilichofanyika pale mwezi Aprili 1915 ni kikubwa kuliko kinavyojulikana.

Hadi 1906 Waingereza walikuwa wamefika futi 210 kwa mahesabu ya mwanasayansi Haldane ya kupanda kwa vituo (kusimama njiani ili gesi itoke mwilini polepole). Marekani ilikuwa nyuma. Kisha Stillson, afisa wa mizinga, akaendesha majaribio New York, na mzamiaji Drellishak akafika futi 274. Kikosi hicho ndicho kilichopelekwa Honolulu kwa kruza (meli ya kivita) Maryland. Frank Crilley akateremka hadi kwenye nyambizi yenyewe.

Elewa maana ya futi 306 kwa mtu anayevuta hewa ya kawaida ndani ya kofia ya shaba. Presha kamili ni mara 10 na ushei. Ili kufukuza kaboni dayoksaidi kwenye kofia, Haldane alitaka futi za ujazo 1.5 kwa dakika, *zikipimwa kwa presha ya pale chini*. Kwa hiyo juu unatakiwa kusukuma futi za ujazo zaidi ya 15 kila dakika, na uzisukume dhidi ya pauni 136. Pampu ya mkono, hata na watu wengi kwenye mpini, haifiki huko.

Naitrojeni kwenye presha hiyo inalevya. Mtu anafanya kazi kama aliyekunywa: anasahau aliloagizwa, anafunga fundo lilelile mara mbili. Oksijeni nayo imepita kiwango ambacho leo mzamiaji yeyote angekatazwa. Ndiyo maana walioteremka walipewa dakika chache tu chini, kisha saa nzima na zaidi za kupanda kwa vituo.

Tarehe 17 Aprili, William Loughman alikuwa amekagua waya mmojawapo. Akiwa anapanda, kwenye futi 250, kamba yake ya uhai na bomba la hewa vikajisokota kwenye waya huo. Hawezi kupanda, hawezi kushuka. Kila dakika damu yake inaongeza naitrojeni, na kumvuta kwa nguvu kungeweza kukata bomba. Crilley akajitolea, akavaa, akashuka, akalifungua tata lile kamba kwa kamba. Tangu kuingia majini hadi kutolewa ni saa 2 na dakika 11. Loughman alitolewa akiwa hai. Crilley alipewa Nishani ya Heshima, na alikabidhiwa na Rais Coolidge mwaka 1929, miaka 14 baadaye. Mimi naona ilichelewa mno.

Hewa ya kawaida iliendelea kuwa kikwazo hadi 1939, nyambizi Squalus ilipozama na wazamiaji wakatumia mchanganyiko wa heliamu kuipandisha.

---

Bi_Mkuku

Na kuipandisha F-4? Kwa futi 306, bila mashine za leo?

---

Mwanamaji_K

Kazi ilisimamiwa na Julius Furer, mjenzi wa meli wa jeshi. Walianza na lililokuwa karibu: kukokota kwa tagi (meli ya kuvuta nyingine). Haikuwezekana. Nyambizi ya tani 330 iliyojaa maji bado ina uzito wa zaidi ya tani 250 chini ya maji, kwa sababu chuma na risasi havipunguziwi sana na maji.

Kisha wakatumia matishari (mashua bapa za mizigo) ya tope yenye winchi, na vitanzi vya waya vilivyopitishwa chini ya chombo. Utaratibu ni wa kuchosha: kaza waya, kiinue kidogo, vuta kuelekea pwani hadi kiguse mchanga, fupisha waya, rudia. Kwa njia hiyo walikitoa futi 306 wakakifikisha karibu futi 50, mlangoni mwa bandari. Hapo mawimbi mazito ya Pasifiki yakawaharibia. Tishari linapanda na kushuka na wimbi, nyambizi haipandi. Kila wimbi waya unalegea kisha unakazwa kwa pigo moja, kama kamba ya ngalawa kwenye kigingi siku ya upepo. Wazamiaji wakakuta waya unaikata bodi. Wangeendelea hivyo kingekatika vipande viwili.

Furer akabadilisha mbinu. Akachora pontuni (matangi ya kuelea) sita za kuzamishwa, zikajengwa karakana ya Mare Island na kuletwa na Maryland mwezi Agosti. Nadhani HesabuZaMaji ataeleza vizuri zaidi kwa nini pontuni zilifaulu.

---

HesabuZaMaji

Naam mkuu. Kuna sababu tatu, na ya tatu ndiyo watu huisahau.

Ya kwanza, pontuni iliyo chini ya maji haijali wimbi la juu kama tishari linavyojali. Inavuta kwa nguvu ileile muda wote, hakuna pigo kwenye mnyororo.

Ya pili, unajaza maji, unaishusha ubavuni mwa chombo, unafunga minyororo inayopita chini ya mkuku (uti wa chini wa chombo) hadi pontuni ya upande wa pili, kisha unasukuma hewa na maji yanatoka chini. Uzito unagawanyika jozi kwa jozi, omo hadi tezi, badala ya waya mmoja kukata sehemu moja.

Ya tatu ni njia ya kuingia. Chombo kilichoning'inia chini ya tishari kinahitaji kina cha tishari pamoja na kina cha chombo. Bandari na chelezo (mahali pa kupandishia meli nje ya maji) havikuwa na kina hicho. Pontuni zinakaa ubavuni, kwa hiyo mzigo wote unakuwa mfupi kwenda chini na unaingia chelezoni.

Panapoharibika: hewa ndani ya pontuni ikipanda inatanuka. Ikianza kuinuka futi chache, inafukuza maji zaidi, inavuta zaidi, inainuka haraka zaidi. Ncha moja ikitangulia, hewa inakimbilia ncha hiyo, maji yanakimbilia nyingine, na mzigo unasimama wima, minyororo inateleza. Ndiyo maana hupulizi zote kwa mpigo. Unaanza ncha moja hadi inyanyuke kidogo tu, unaiachia, unakwenda ncha ya pili. Na ndiyo maana ilikuwa busara kufanya hivyo kwenye futi 50 na si 306: kutoka futi 50 hewa inatanuka karibu mara 2.5, kutoka 306 ni mara 10.

Tarehe 29 Agosti 1915, Jumapili, F-4 ilipandishwa, ikapelekwa chelezoni Honolulu.

---

Kitendawili_Tanga

Na waliokuwa ndani?

---

MzeePima

Ndugu, baada ya miezi mitano ya maji ni wanne tu walioweza kutambuliwa. Wengine 17 walizikwa pamoja katika makaburi ya Arlington.

F-4 ilifutwa kwenye orodha ya jeshi tarehe 31 Agosti 1915, siku mbili baada ya kupandishwa. Dada zake wakaondolewa Hawaii mwezi Novemba mwaka huohuo wakarudi bara. F-1 ilirudishwa kazini kamili Juni 1917. Tarehe 17 Desemba mwaka huo ikagongwa na F-3 karibu na Point Loma, California, ikazama kwa sekunde 10 hivi na watu 19. Mabaki yake yalionekana mwaka 1975. F-2 na F-3 zilitoka kazini 1922.

Bodi ya F-4 iliachwa Pearl Harbor. Mwaka 1940, kituo cha nyambizi kilipokuwa kinapanuliwa, ilisogezwa ikafukiwa ndani ya handaki pamoja na kifusi, na imo humo hadi leo.

---

Bi_Mkuku

Mzee wangu, swali la mwisho kwa upande wangu. Tume iliweza kusema ribiti ipi iliachia kwanza?

---

MzeePima

Hapana dada. Bodi ilikuwa imepita kwenye vitanzi vya waya, mchanga, na tundu lile la ubavuni. Walichoweza kuona ni risasi iliyoliwa na chuma kilichoguswa na asidi nyuma yake. Kutoka hapo walirudi nyuma kwa hoja, kama HesabuZaMaji alivyofanya kwa namba. Kama kuna mwenye kuelewa zaidi mpangilio wa matangi ya mbele ya daraja la F, hasa valvu za kupulizia na wembamba wa mabomba yake, aweke hapa tuendelee.